Zulia Jekundu Ndani ya Sufuria

Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi kazi kwa hiari yake. Hata nikitumwa kumwaga maji machafu, nyuma yangu husikika kandambili za mtu anayekuja kuhakikisha kwamba nimeyamwaga panapomwagwa maji na si mahali pengine penye kuchekesha zaidi. Kwa hiyo naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba kazi ya kutandika zulia kwenye gari la Mjomba sikupewa. Niliichukua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na sijutii hata kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi na dada yangu tukijumlishwa. Mjomba, kaka yake Mama, alilinunua likiwa tayari kuukuu, akazunguka nalo mpaka akachoka yeye, gari halijachoka, kisha akatuletea funguo na kusema, "Shikeni, mgongo wangu umegoma." Ni gari la kulala. Upande wa kulia lina kitanda, nyuma lina kabati lenye jiko dogo la gesi na sinki la ukubwa wa kofia, na upande wa kushoto lina mlango wa kuvuta wenye ngazi moja ya kupandia iliyozama sakafuni. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa sakafu. Zulia la zamani lilikuwa limeoza kwa maji ya mvua za miaka mingi, na Mama alipoling'oa lilitoka na harufu ambayo majirani walikuja kuulizia. Chini yake likabaki bati tupu, lenye mifereji kama paa la nyumba.

Siku hiyo hiyo Mama akamwita Bibi aje kuliona gari.

Bibi ni mama yake Mama, na tunaishi naye. Huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, na ndoa yetu imedumu tangu nilipozaliwa kwa sababu kila mmoja wetu anajua kwamba mwenzake ni mkorofi. Bibi huvua viatu kila aingiapo ndani ya nyumba, iwe yake au ya mtu. Husema macho hudanganywa na rangi, pua hudanganywa na manukato, lakini unyayo haupokei hongo. Akishapita sebuleni kwako pekupeku, anajua kama umefagia au umesukumia taka chini ya kochi.

Alivua viatu, akapanda ngazi, akaweka mguu mmoja juu ya lile bati. Akautoa.

"Hii si nyumba," akasema. "Hili ni sufuria lenye magurudumu."

"Mama, ni safari ya siku mbili tu," Mama akambembeleza.

"Siku mbili ndani ya sufuria? Si nitafika nimeiva!"

Tulicheka, lakini Mama hakucheka, na ilikuwa haki yake. Mdogo wake Bibi anaishi mbali, mwendo wa siku mbili kwa barabara. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hatoki kitandani. Bibi naye uti wake wa mgongo haumruhusu kukaa kwenye kiti cha basi hata robo ya safari, lazima ajinyooshe. Hivyo ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utoto wao wote walikuwa hawajaonana miaka na miaka. Walibaki kupigiana simu kila Jumapili, kila mmoja akipaza sauti kana kwamba simu peke yake haiwezi kuufikisha ujumbe bila kusaidiwa na koo. Gari lenye kitanda lilikuwa jibu. Na Mama, ambaye ni karani wa mahakama na likizo zake huja kwa nadra kama kupatwa kwa jua, alikuwa amepata wiki moja tu, kuanzia Jumamosi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Fundi wa viti vya magari alipigiwa simu, akasema foleni yake inaishia mwezi ujao.

Ndipo nikasimama juu ya gurudumu la akiba, nikakohoa kama mgeni rasmi.

"Mke wangu, ukipata sakafu ya kukanyaga pekupeku, utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Hata kama fundi ni mimi?"

Bibi alinitazama kuanzia nywele hadi kucha. "Hata kama fundi ni ibilisi. Ila nitaikagua kwa miguu yangu mwenyewe, na ikinichoma, sitoki hapa. Nimemaliza."

Mama akaanza mahojiano. Nyumbani kwetu hakuna swali linaloulizwa mara moja.

"Umewahi kutandika zulia?"

"Bado."

"Bado maana yake hapana. Umewahi kumaliza kazi yoyote uliyoianza?"

"Swali hilo halihusiani na shauri lililopo mbele yetu."

"Nijibu!"

"Nimewahi. Muulize mwalimu wa hisabati."

Hapo Mama akafumba macho, maana anaijua habari hiyo. Shuleni kwetu, shule ya bweni yenye nidhamu ya kupigiwa mfano na wale ambao hawajalala humo, mimi na wenzangu tulihamisha madawati yote ya darasa letu hadi uwanjani, tukayapanga kwa safu zile zile, pamoja na ubao, chaki na kiti cha mwalimu. Mwalimu wa hisabati alifika, akatazama, akaketi, akafundisha vipindi viwili, kisha akasema hewa ilikuwa nzuri na safu zimenyooka. Adhabu ilikuja baadaye, kutoka kwa watu wasiojua sanaa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba nilikuwa na uzoefu wa kupima.

"Nitamsaidia," dada yangu akasema, na hilo ndilo lililomtuliza Mama. Dada anasomea uuguzi, ana mikono isiyotetemeka na ulimi usiohurumia. Yeye huniita Mheshimiwa, kwa namna ambayo inaumiza kuliko tusi.

Jumatano tulikwenda dukani. Mama alikuwa ametuagiza rangi ya udongo, kwa kuwa udongo haujionyeshi juu ya udongo. Bahati nzuri rangi ya udongo ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kipande cha mwisho cha jora moja, chekundu, chekundu kweli kweli, cha manyoya mafupi mazito yanayolala upande mmoja ukiyapapasa.

"Hili ni la kumshusha rais kwenye ndege," Dada akasema.

"Ndiyo maana tunalichukua. Bibi hatapanda gari, atapokewa."

"Mama atatuua."

"Atatuua juu ya zulia zuri."

Alhamisi ilikuwa siku ya mateso, na sitaki mtu yeyote aamini kwamba kutandika zulia ni kutandika zulia. Kutandika zulia ni kukwangua. Tulitoa kitanda, tukakwangua gundi ya zamani iliyoganda kama ukoko wa wali, tukasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati likang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Karibu na kabati tulikuta tundu ambalo kizibo chake cha mpira kilikuwa kimepotea. Nikachungulia humo nikamwona paka wa jirani akinichungulia kutoka chini. Tulisalimiana. Kisha nikaweka kizibo kipya. Jioni tukatandika tabaka la sponji ngumu juu ya ile mifereji, na nilipopita juu yake kwa soksi nilihisi, bila kujisifu, kwamba ulimwengu unaanza kunielewa.

Ijumaa asubuhi Mama alipokuwa anaondoka kwenda kazini alisimama mlangoni mwa gari.

"Leo mnamaliza?"

"Leo tunazindua," nikajibu.

"Kesho alfajiri tunaondoka. Bibi yako ameshaanza kufungasha. Unanielewa? Ameshaanza." Akanyoosha kola ya shati langu bila sababu yoyote, akaenda.

Sasa, zulia la gari halipimwi kwa futi kamba peke yake, maana gari halina pembe iliyonyooka. Lina nundu mbili zinazofunika magurudumu ya nyuma, lina miguu ya viti, lina ile ngazi. Unachofanya ni kutengeneza ramani. Tuliunganisha karatasi za kaki kwa gundi ya karatasi, tukazitandaza ndani, tukazisukuma kila kona kwa vidole, tukachora na kukata mpaka karatasi ikakaa sakafuni kama ngozi. Ilikuwa ramani safi. Palipokuwa na ngazi tulikata pengo la kuingia sawasawa, lenye pembe mbili za mviringo.

Kazi nzuri haiachwi bila mwenyewe. Nikachukua kalamu nene ya wino mweusi, nikaandika katikati ya karatasi: RAMANI RASMI YA SAKAFU. IMEPITISHWA. Nikaweka sahihi ndefu yenye mikia miwili. Nikachukua kifuniko cha chupa, nikachora muhuri, na ndani ya muhuri nikaweka nyota.

"Umemaliza, Mheshimiwa?"

"Serikali haikimbizwi."

Zulia hukatwa kutoka mgongoni, ili kisu kifuate ule mgongo mgumu na kisichane manyoya. Tukalilaza barazani, wekundu chini. Juu yake nikatandaza ramani, maandishi juu, kwa sababu sikuweka sahihi nzuri namna ile ili isomwe na mgongo wa zulia. Dada akachora kwa chaki kuzunguka ukingo, mimi nikakata. Kisu kilikuwa na wembe mpya na mkono wangu ulikuwa na imani. Nilikata bila kusita, nilikata kwa mbwembwe, kwenye pengo la ngazi nilikata huku nikipiga mluzi.

Nilitaka kupaka gundi papo hapo. Dada akakataa.

"Kwanza tulitandaze kavu. Mgonjwa hapasuliwi kabla hajalazwa kitandani."

Naandika hapa, ili vizazi vijue, kwamba nilimwita mwoga.

Tulilibeba, tukaligeuza wekundu juu, tukalitandaza ndani. Nundu mbili za magurudumu zikaingia kwenye matundu yao kama vichwa kwenye kofia. Ukingo wa nyuma ukagusa kabati bila kubakiza hata upana wa ukucha. Nikaanza kutoa shukrani kwa wote walionifikisha hapo nilipo. Dada alikuwa ameinama mlangoni.

"Mheshimiwa, ngazi iko wapi?"

"Swali gani hilo? Mlangoni."

"Na pengo la ngazi liko wapi?"

Nikatazama mlangoni. Zulia lilikuwa limeifunika ngazi yote, likining'inia juu ya shimo kama mtego wa panya ulioboreshwa. Nikatazama upande wa pili. Pengo lilikuwa kule, kulia, mahali kitanda kinapoishia kikirudishwa, sponji imejichomoza kwenye tundu kama goti kwenye suruali iliyotoboka. Pale pale ambapo mtu anayeamka huteremsha miguu.

Dada akachukua ramani, akaishika juu ya zulia, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Zulia lililala kifudifudi," akasema polepole. "Karatasi nayo ilitakiwa ilale kifudifudi. Kwa nini uliilaza chali?"

Nilimwonyesha sahihi.

Alitazama ile sahihi, akatazama muhuri, akatazama nyota. Kisha akaketi juu ya nundu ya gurudumu.

"Tumelikatia zulia gari la kwenye kioo," akasema.

Kiongozi hujulikana wakati wa dhoruba. "Tuligeuze tu," nikapendekeza. "Mgongo juu, wekundu chini. Pengo litarudi mahali pake."

"Bibi akanyage gunia?"

"Basi tuweke sanduku la nguo juu ya pengo."

"Ili awe anashuka kitandani kwa kuruka viunzi? Na mgongo ule?"

Nikapiga simu dukani. Jora lile lilikuwa limekwisha, nami ndiye niliyelimaliza. Wiki ijayo, wakasema, wanatarajia rangi ya manjano. Vipande vilivyobaki barazani vilikuwa vyembamba kama kanda. Ungeweza kuvivalia kiunoni, si kuvitandika.

Nikaketi kwenye ngazi ya gari. Dirisha la chumba cha Bibi lilikuwa wazi mbele yangu. Alikuwa anakunja nguo na kuzungumza peke yake, sauti ya chini ambayo huwa hamtolei mtu yeyote. Alikuwa anamuuliza mdogo wake, ambaye hakuwepo, kama bado hulalia upande wa ukutani na kama bado huvuta shuka lote. Kisha akacheka, akajijibu kwa niaba ya mwenzake.

Nimefanya mambo mengi maishani na nikalala usingizi mzuri baada yake. Lakini ile sauti isingeniacha nilale. Nikaacha kutafuta mahali pa kuficha pengo. Nikaanza kulitazama.

Nilitazama pengo la kulia, lenye pembe mbili za mviringo. Nikatazama zulia linaloning'inia juu ya ngazi kushoto, ambalo hata hivyo lazima likatwe, la sivyo Mama atavunjika mguu. Likikatwa, kitakachotoka ni kipande chenye pembe mbili za mviringo.

"Dada," nikasema, "mtu akikatwa mguu wa kulia, unaweza kumshonea upande wa kushoto?"

"Hapana! Unawaza nini wewe?"

"Na zulia je?"

Akanyanyua kichwa. Akatazama mlango. Akatazama pengo. Niliona hesabu ikipita usoni mwake kama gari moshi linalofika kwa wakati.

"Lete sindano ya magodoro," akasema. "Ile iliyopinda. Na uzi wa kushonea viatu. Na unawe mikono."

"Kwa ajili ya zulia?"

"Kwa ajili yangu. Unanuka gundi."

Safari hii nilikata bila mluzi. Nilipitisha chaki mara mbili, nikashusha pumzi, nikakata kando ya ngazi kwa mwendo wa konokono, na kipande kikatoka kizima. Tukakizungusha, tukakipeleka ng'ambo ya pili, tukakiweka kwenye pengo. Kiliingia. Kilibana kidogo kwenye pembe moja, nikakipunguza kwa upana wa uzi. Dada akapiga magoti juu ya zulia lililogeuzwa na kuanza kushona mgongoni, mishono mifupi iliyokaribiana, kila mmoja akiufunga kabla ya kuanza mwingine.

"Mgonjwa atulie," akasema.

"Mgonjwa ametulia. Ni ndugu zake wanaotetemeka."

"Wasubiri nje. Wakitaka kulia, walie kwa adabu."

Alipomaliza nikapaka gundi juu ya mishono na kubandika kitambaa cha turubai, ili kishike pande zote mbili. Tukaligeuza. Kiraka hakikuwa na ufa, lakini kilionekana. Kwa kuwa tulikizungusha, manyoya yake yalilala kinyume cha manyoya mengine, na mwanga ulipopiga pale kilikuwa chekundu zaidi, kama ubavu wa ng'ombe aliyelambwa na mwenzake.

"Kinaonekana," nikasema.

"Kovu huonekana. La muhimu halivuji."

Yaliyobaki yalikwenda kwa heshima zote. Gundi ya aina ile hupakwa pande mbili, sakafuni na mgongoni mwa zulia, kisha huachwa mpaka ukiigusa kwa kifundo cha kidole isikushike. Hapo ndipo unabandika, na ukishabandika hakuna rufaa. Tulifungua milango yote ili tusilewe. Tukaanza nyuma kwenye kabati, tukaja mbele kidogo kidogo, Dada akishikilia, mimi nikisugua kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kwenye nundu tulichana mikato midogo ili zulia likunje bila kukunjamana. Kingo tulizisukumia ndani kwa mpini wa kijiko. Mwisho nikafunga ukanda wa bati la alumini kwenye ukingo wa ngazi, skrubu tano, zote zimezama, hakuna hata moja ya kuchoma kidole cha mtu. Nilipitisha shavu langu juu yake kuhakikisha. Tukarudisha kitanda.

Mama alirudi jua likiwa bado juu, kwenye nguo zake za kazi, mkoba begani. Aliufungua mlango wa kuvuta, akasimama.

"Jekundu," akasema.

"Jekundu," nikakubali.

"Nilisema rangi gani?"

"Ya udongo. Upo udongo mwekundu."

Alikuwa anatafuta jibu la kunimaliza nalo aliposikia kandambili za Bibi zikija nyuma yake. Akasogea. Sisi pia tukasogea.

Bibi alivua viatu, akavipanga, akashika mkono wa mlango. Hakunitazama. Alipanda ngazi, akaweka mguu wa kwanza kwenye ukanda wa alumini, akaupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaingia. Alikwenda nyuma kwenye kabati, akarudi. Alizunguka nundu moja, akazunguka ya pili, akisugua kisigino kwenye ile mikato. Alisimama pale kwenye kizibo cha mpira, ambacho kilikuwa chini ya sponji na chini ya zulia na ambacho hakuna binadamu angeweza kukihisi, akasema, "Hapa mlikuwa na tundu."

"Lilikuwepo, mke wangu. Limezibwa."

"Hm."

Kisha akafika kando ya kitanda. Mguu wake wa kulia ukasimama. Ukaenda mbele, ukarudi. Ukaenda tena.

"Hapa manyoya yanalala huku," akasema, "na hapa yanalala kule. Kuna nini hapa?"

Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa yameshaapa mahakamani.

Nilikuwa na majibu matatu mazuri, na moja lilikuwa zuri sana, lingehusisha mitindo ya kisasa ya ng'ambo. Nikayaacha yote. "Ni kiraka, Bibi. Nilikata upande usio wenyewe kwa sababu nilitaka sahihi yangu ionekane. Dada akakishona."

Bibi alipachika kidole gumba cha mguu kwenye mshono, akauminya, akajaribu kuunyanyua kama mtu anayefungua kopo. Akajaribu tena kwa mguu wa pili, kwa nguvu zaidi, huku ameshikilia kabati. Mshono haukusogea.

"Nani kashona?"

"Mimi, Bibi," Dada akasema, sauti imepungua.

"Ukishona watu hivi, hawatakufa." Akanigeukia. "Na wewe. Sahihi yenyewe iko wapi?"

Nikaileta ramani. Aliishika mbali na macho, akaisoma yote, muhuri na nyota. "Nzuri," akasema. "Mume mjinga, lakini mwandiko mzuri." Akaikunja mara nne na kuitia chini ya godoro, ili kitanda kisipige kelele, akaketi kitandani na kuweka nyayo zote mbili juu ya kiraka. Akazisugua mbele na nyuma, polepole. Akanyoosha mkono.

"Nipeni simu."

Dada akambonyezea namba. Simu ililia muda mrefu, kisha sauti ya upande wa pili ikatoka kwa nguvu hata jirani wa tatu lazima aliisikia.

"Nani?"

"Mimi! Niko njiani!"

"Uko wapi?"

"Niko njiani, nimesema! Niko ndani ya gari, nimeketi kitandani, miguu iko juu ya zulia jekundu kama mke wa rais! Waambie wafue mashuka!"

Upande wa pili ikasikika sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani mwenyewe hakujua.

Mama akaingiza kichwa ndani ya gari. "Mama," akanong'ona, "tunaondoka kesho. Kesho alfajiri. Gari bado liko uani."

Bibi akaifunika simu kwa kiganja, upande ambao si wa kuongelea.

"Unataka nimdanganye mgonjwa?"

"Lakini umesema wewe!"

"Basi nisaidie isiwe uongo. Washa gari."

"Sijabadilisha hata nguo!"

"Nguo zako zina ubaya gani? Watu hufungwa miaka kumi mbele ya nguo hizo na hawalalamiki."

Mama akanitazama. Sijui kwa nini, likitokea jambo lolote la maana hunitazama mimi. "Usinitazame," nikasema. "Mimi ni fundi sakafu tu." Lakini nilikuwa nimeshaanza kukimbia, maana Dada alikuwa anatoka nyumbani na begi la Bibi begani na mtungi wa maji mkononi, akinipigia kelele nichukue mito, mablanketi, dawa za Bibi na chochote kile kinacholiwa. Tulitupa kila kitu ndani kupitia mlango wa kuvuta, Bibi akipokea kwa mkono mmoja na kushikilia simu kwa mwingine, akimsimulia mdogo wake kila kitu kinachoingia kana kwamba ni mandhari ya barabarani. "Tumepita blanketi," nilimsikia akisema. "Sasa tunapita ndizi."

Mama alifunga nyumba, akaketi kwenye usukani na mkoba wake wa kazi ungali begani. Gari likakohoa, likafikiri, likakubali. Nilifungua geti, nikaruka ndani likiwa tayari linatembea, nikavua viatu kabla sijakanyaga, maana kazi ya mtu lazima iheshimiwe.

Tulipoingia barabarani Bibi alichungulia dirishani, akaona ukuta wa jirani unarudi nyuma, kisha mti, kisha duka la kona. Akairudisha simu sikioni.

"Sasa sikiliza," akasema. "Niko njiani."